Kabla hujaiuza mashine ya pumzi, angalia imesetiwa ngapi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi nimjibu yule msomaji wa Arusha aliyelalamika kwenye ukurasa huu wa barua kwamba mashine ya CPAP, hii ya kuvaa maski usiku kwa wanaokatika pumzi wakilala, ni wizi mtupu. Anasema aliinunua kwa hela ndefu, akaivaa, akahisi anakosa hewa, tumbo likajaa gesi, mke akahamia chumba cha watoto kwa ajili ya filimbi ya maski, mwisho akaifungia kabatini na sasa anatafuta mteja. Nimemwelewa kabisa na pole zangu azipokee. Ila barua yote ile ndefu hakuna mahali alipotaja mashine ilikuwa imesetiwa presha ngapi, yani msukumo wa hewa, na mimi ndo nilipokwama hapo, maana presha ndo dawa yenyewe. Mtu akikwambia vidonge vya sukari havimsaidii si utamuuliza kwanza anakunywa miligramu ngapi?

Mimi ni karani mstaafu wa chama cha msingi cha kahawa huku Kibosho, maisha yangu nimesoma mizani na madaftari, na mzee wangu alikuwa dereva wa magari ya watalii, yeye ndo anayevaa hiyo maski. Udaktari sina. Nasema nilichoelezwa na dokta, nilichosoma, na ninachokiona kwenye kioo cha mashine kila asubuhi, kwa sababu mwenyewe kuangalia hataki, anasema mambo ya namba ni ya mama.

Kwa wasioijua hii shida, kwa kifupi: mtu akilala misuli ya koo inalegea, kwa wengine inalegea mpaka njia ya hewa inaziba kabisa au inabaki tundu dogo, pumzi inakata sekunde 10, 20, wengine zaidi, ubongo unashtuka, anavuta hewa kwa kile kishindo ambacho jirani anakisikia, analala tena, inajirudia hivyo usiku kucha na asubuhi hakumbuki kitu, anachojua ni kwamba kichwa kinamuuma na anasinzia kwenye daladala, au mbaya zaidi anasinzia yeye ndo kashika usukani kati ya Boma Ng'ombe na KIA. Wanahesabu kwa saa. Pumzi ikikatika au kupungua chini ya mara 5 kwa saa hiyo ni kawaida, 5 mpaka 15 ni shida ndogo, 15 mpaka 30 ya kati, 30 kwenda juu ni kali. Hesabu hiyo inaitwa AHI na mashine nyingi za siku hizi zinakuonyesha ukiamka tu. Na wale wenye presha ya damu isiyoshuka hata wakiongezewa dawa ya tatu, hii kitu mara nyingi imo humo humo, waulizeni wanaolala nao.

Sasa mashine. Watu wengi huku wanadhani ni oksijeni, hapana, ni feni ndani ya kiboksi inasukuma hewa hii hii ya chumbani kupitia bomba, na ule msukumo ndo unaoshikilia koo lisifunge. Msukumo unapimwa kwa sentimita za maji, mashine za kawaida zinaanzia 4 zinaishia 20. Koo la nani linataka ngapi hakuna anayeweza kubahatisha kwa kumwangalia mtu, unaweza kukuta mnene anatosheka na 8 na mwembamba mwenye kidevu kidogo anataka 12. Aliyeibuni, Colin Sullivan wa Sydney kule Australia, alipochapisha matokeo yake mwaka 1981 alikuwa na wagonjwa 5 tu, na hao hao 5 presha zao zilikuwa kuanzia 4.5 mpaka 10. Watano tu na tayari hawalingani! Halafu leo mtu anauziwa mashine imetoka kiwandani, inachomekwa ukutani, anaambiwa haya baba lala.

Njia ya kitabu ni hii. Unalazwa hospitali usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani, fundi anakaa chumba cha pili anaangalia, anaanzia 4, anapandisha 1 kwa 1, kila akipandisha anasubiri si chini ya dakika 5, mpaka koo liache kuziba na kukoroma kuishe, na hapo hajamaliza, anataka akuone umelala chali na umeingia kwenye usingizi wa ndoto maana ndo wakati koo linalegea kuliko wakati wote. Namba iliyopatikana inaandikwa, ndo yako. Njia ya pili ni mashine za oto, zinazopanda na kushuka zenyewe kadri zinavyosikia koo linaanza kuziba, unalala nayo nyumbani wiki moja mbili, unampelekea dokta memori kadi, anasoma, halafu anaibana mashine isitembee ovyo bali izunguke karibu na namba yako. Njia hii ya pili haina ubaya wowote na kwa sisi ndo rahisi. Ubaya ni kwamba watu wanafanya nusu ya kwanza, ile nusu ya pili ya kurudi na kadi hakuna anayeikumbuka, sio muuzaji, sio mgonjwa.

Matokeo yake mashine inabaki 4 mpaka 20 miaka yote. Ukisikia unadhani ni nzuri, si inajipangia yenyewe? Hapo ndo pa kupaangalia vizuri.

Mtu mzima akivaa maski kwenye 4 wengi wanahisi wanavuta hewa kwa mrija, hiyo ndo ile "nakosa hewa" ya msomaji wetu, wala sio mashine mbovu, ni kiwango cha chini kimewekwa chini mno kwake. Pili, oto haina unabii. Inasubiri koo lianze kuziba ndo inapanda, tena inapanda kidogo kidogo, kwa hiyo kama koo lako linataka 9 na mashine imekaa 4 au 5, mpaka ifike huko juu umeshakatika pumzi mara kadhaa, ikifika mambo yanatulia, ikiona yametulia inashuka tena, na mchezo unaanza upya. Sisi wa mlimani tunaujua mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, ukifungua kidogo maji yanaishia shamba la juu na migomba ya chini inakauka, ukifungua wote kingo zinabomoka na unagombana na jirani, lazima awepo mtu wa kwenda kuangalia maji yamefika wapi na kurudi kurekebisha lango, mfongo wenyewe hauji kukuambia.

Mzee wangu ilikuwa hivyo hivyo. Alikuwa anavaa vizuri tu, kwa muda wa masaa 6 au 7 kila usiku, ila kioo kinaleta AHI 14, asubuhi macho mekundu, na mimi namsikia saa tisa usiku anahangaika na maski. Dokta alichomeka kadi kwenye laptopu akatuonyesha mistari, kwamba kwa asilimia 95 ya muda wa usiku presha yake haizidi 11, ila usiku wote mashine inahangaika kupanda kutoka 4. Akamwekea cha chini 7, tukakaa nacho siku kadhaa, akasogeza 8, na cha juu akakishusha kutoka 20 mpaka 13. Basi. Hakuandika dawa, hakubadilisha mashine, hakuna kilichonunuliwa. AHI ikaja 2, siku nyingine 3, na ile "sipati hewa" ikaisha usiku ule ule cha chini kilipopanda, jambo ambalo lilimshangaza mwenyewe maana alidhani kuongeza presha ndo atazidi kubanwa.

Kwa nini cha juu nacho kishushwe? Kwa sababu presha ikizidi unameza hewa, inaenda tumboni badala ya mapafuni, unaamka na tumbo kama ngoma unabeua mpaka chai ipoe. Halafu presha kubwa inaisukuma maski itoke usoni, inavuja, inapiga filimbi, machoni upepo, unaamka. Na maski ikivuja sana mashine yenyewe inachanganyikiwa, haisikii vizuri koo linafanya nini, hesabu zake usiziamini usiku huo. Ndo maana dokta wetu kabla hajagusa presha aliangalia kuvuja kwanza, akamwambia mzee anyoe ndevu (alinuna, lakini alinyoa) na akamfundisha kuirekebisha maski akiwa amelala chali na mashine inapuliza, sio amekaa kitandani imezimwa. Kuikaza mikanda kama mzigo wa mkaa hakusaidii, inaacha alama usoni na inavuja vile vile. Mwenye kulala mdomo wazi maski ya pua peke yake itamtesa, aulizie ya pua na mdomo, na akibadilisha aina ya maski presha iangaliwe upya, inaweza isiwe ile ile.

Kuna setingi nyingine mbili ndogo zinazosahaulika. Rampu, yani mashine inaanza chini inapanda taratibu ili usinzie, zingine inaenda mpaka dakika 45, kwa mtu anayesinzia dakika ya tano hiyo ni kumwacha dakika 40 bila kinga ya kutosha. Nyingine ni ile nafuu ya kutoa pumzi, inapunguza presha 1 mpaka 3 unapopumua nje, tamu kweli, ila kwa wengine ukiiweka 3 koo linapata nafasi ya kufunga na AHI inapanda, inabidi presha ya msingi iongezwe kidogo kufidia.

Sasa najua kuna vijana watasoma hapa waende mtandaoni watafute namna ya kufungua menyu ya dokta, maana ipo, imefichwa tu, na wapo watu wazima kabisa wanajisetia wenyewe na wanalala vizuri. Mimi siwezi kumlaumu mtu ambaye dokta wa kumsomea kadi yuko mbali naye. Lakini kuna kitu kimoja lazima mkijue kabla hamjagusa. Kukatika pumzi kuna aina mbili. Moja koo limeziba. Ya pili koo liko wazi kabisa ila ubongo hautumi amri ya kuvuta hewa, na hii ya pili kuongeza presha hakuitibu, kunaweza hata kuizidisha, wengine hawakuwa nayo kabisa ikawaanza baada ya kuvaa mashine. Mashine nyingi mpya zinazitenganisha kwenye ripoti. Ukiona hizo za koo wazi ndo nyingi, acha kubonyeza, nenda hospitali, hasa kama una moyo mpana au unatumia dawa kali za maumivu za jamii ya morfini. Na hata kwa aina ya kwanza, anayebadilisha asogeze kidogo, nusu au 1, akae nayo siku za kutosha aone wastani, sio leo 6 kesho 12 kwa sababu jana aliota vibaya. Usiku mmoja mbaya haukuambii kitu, unaweza kuwa ulikuwa na mafua tu.

Kuna suala la mashine za mtumba, na huku kwetu ndo nyingi, shangazi yuko Ujerumani, kaka yuko Marekani, anakuja nayo kwenye begi. Msaada mzuri sana, sisemi watu wakatae. Ila mashine ile imekuja na namba za koo la mwenzako, lazima iwekwe zako. Mwaka 2021 mwezi Juni Philips Respironics walitangaza kurudisha mashine zao nyingi za zamani kwa sababu sponji ya ndani ya kuzuia kelele inaweza kumeguka na mtu akavuta vipande vyake au gesi yake, kwa hiyo ukiletewa ya mtumba tazama modeli na tarehe kabla hujaiweka puani. Halafu viboksi vinafanana kwa nje, kumbe ndani kimoja ni CPAP ya kawaida na kingine ni ASV, aina inayokusaidia pumzi moja moja, ambayo utafiti uliotoka 2015 ulionyesha inaongeza vifo kwa wagonjwa ambao moyo wao umedhoofika kusukuma damu na wanakatika pumzi kwa ile aina ya ubongo. Pia angalia adapta iwe imeandikwa 100 mpaka 240, ikiwa ya 110 peke yake utaiunguza siku ya kwanza.

Na urefu wa mlima jamani. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wengine tunaishi juu zaidi ya hapo. Hewa huku ni nyepesi kuliko Dar, na mashine za kizamani feni ikizunguka kwa kasi ile ile inatoa presha pungufu, ndo maana zingine zina setingi ya kuchagua urefu wa mahali. Za kisasa zinajirekebisha zenyewe, kwa hiyo hili linawahusu wenye za zamani tu, lakini wao linawahusu kweli.

Maji ya kwenye kile kitenki cha unyevu yawe yaliyosafishwa madini, distildi, ya bomba yanaacha ukoko, kuchemsha hakuondoi madini. Msipate wazo la kutia ile asidi ya betri eti inaonekana kama maji. Na Juni Julai kukiwa na baridi bomba linajaa matone na maji yanakurukia puani usiku, punguza unyevu au pitisha bomba ndani ya blanketi, imeisha.

Mhariri, ninachoomba kwa wanaouza hizi mashine na hospitali zinazowaandikia watu, kila mtu anayetoka nayo mlangoni atoke na karatasi: cha chini ngapi, cha juu ngapi, rampu dakika ngapi, maski aina gani saizi gani, na tarehe ya kurudi na kadi. Tarehe iwe imeandikwa kabisa, sio "ukipata shida uje". Mgonjwa hajui kama ana shida, yeye analala! Na wakirudi, mtu akipungua uzito sana au akinenepa, kadi isomwe tena, mahitaji ya koo yanabadilika na mwili. Shule ya kusoma ile ripoti sio ndefu, mimi nimeelewa na nilikuwa napima kahawa. Nesi mmoja kwa kila hospitali kubwa ya Moshi na Arusha akifundishwa hilo, mashine nyingi zilizoko makabatini zitarudi kitandani bila mtu kununua kitu kipya.

Na kwa kuwa Desemba mnapanda wote nyumbani, niwaambie wenye mashine wa Dar msiziache huko kwa aibu ya mashemeji. Najua mtalala wengi chumba kimoja na mtachekwa. Lakini ndo wiki ambayo koo linawasumbua kuliko wiki zote, mbege jioni, nyama, kulala chali kwenye godoro la chini, na pombe inalegeza koo hata la mtu ambaye siku zote hakoromi. Wenye oto ndo mtaona faida ya kuachiwa nafasi kidogo juu ya namba yenu, itapanda yenyewe, msiende kuzibadilisha namba kwa ajili ya sikukuu. Lalieni ubavu. Bebeni ekstensheni, soketi ya chumba cha wageni siku zote iko nyuma ya kabati, na umeme ukikatika mwenye waya wa betri ya gari azime kitenki cha unyevu kwanza, ndo kinachokula betri kuliko feni yenyewe. Wifi yangu alilala na ya kwake sebuleni kwenye kochi, watoto wakamwita rubani, akaamka saa mbili asubuhi misa ya kwanza imeshaisha na hakuna aliyemsikia akikoroma.

Msomaji wenu,
Kibosho, Moshi